Dawa ya Vidole vya Adhieu

Kisra ikishaiva, Adhieu hatafuti kisu wala kijiko. Huingiza ncha za vidole chini ya ukingo wake, pale ambapo mkate umeanza kujikunja juu ya chuma, na kuibandua yote kwa mara moja kama mtu anayetoa shuka kitandani. Chuma hicho, ambacho watu wa Sudan Kusini hukiita doka, huwa cha moto kiasi kwamba tone la maji likidondoka juu yake huruka na kupotea. Alianza kazi hiyo akiwa msichana kule Bor. Aliendelea nayo katika kambi ya Kakuma, alikofika akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Ajok, alikua, akaolewa, akazaa, kisha akarudi Sudan Kusini kumtafuta mumewe, na tangu hapo hapajasikika neno lake. Aliyebaki na Adhieu ni mjukuu, Arek, msichana wa darasa la tano.

Kisra hutengenezwa kwa unga wa mtama uliokorogwa na maji na kuachwa uchache. Adhieu hatupi kamwe unga wote wa jana; hubakiza kidogo chini ya ndoo, na hicho kidogo ndicho kinachouchachusha wa leo. Wateja wake sokoni husema kisra yake ni nyembamba kuliko nyingine zote, na kwamba haina tundu. Sifa hiyo ameilipia kwa ncha za vidole vyake. Kwa miaka mingi ya kubandua, zimekuwa ngumu na laini kwa pamoja, zinang'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Ukimshika mkono, viganja vyake vina mikunjo ya mama yeyote wa umri wake. Vidoleni hamna kitu.

Kambini chakula hupokewa kwa kidole. Mwenye kadi huweka kidole juu ya kioo kidogo, mashine inawaka kijani, anapita. Kwa miaka kadhaa mashine ilimsumbua Adhieu lakini mwishowe ilikubali, baada ya kupangusa kidole kwenye gauni, kukipulizia pumzi, kujaribu mkono wa pili. Mwaka huu ilikataa kabisa. Karani wa dirisha lake, kijana aitwaye Lony ambaye mwenyewe amelelewa kambini, alivijaribu vidole vyote kimoja baada ya kingine huku foleni ikinung'unika nyuma.

"Mama, mashine haikuoni," alimwambia.

Siku hiyo msimamizi aliitwa, akamruhusu kupita kwa kuangalia picha ya kadi. Lakini alimweleza wazi kwamba uhakiki mkubwa ulikuwa unakuja. Katika uhakiki huo kila mwenye kadi angetakiwa kusomwa na mashine. Asiyesomwa kadi yake ingefungwa mpaka kesi yake isikilizwe, na kesi za namna hiyo huchukua muda mrefu. Kadi ya Adhieu ni ya watu wawili. Arek bado ni mdogo, hajachukuliwa alama za vidole, na hakuna mtu mzima mwingine anayeweza kusimama badala yake. Adhieu alirudi nyumbani akiwa na jambo moja kichwani: lazima apate vidole kabla ya uhakiki, la sivyo yeye na mtoto hawatakula.

Zahanati ya kambi ilimwandikia barua ya kwenda kwenye kliniki ya ngozi mjini Lodwar, akapewa na ruhusa ya kusafiri. Huko alionwa na tabibu kijana wa Kiturkana, Lokiru, ambaye aligeuzageuza mikono yake chini ya taa kwa muda mrefu. Alimweleza kwa upole, kwa Kiswahili cha polepole. Chini ya ngozi tunayoiona kuna ngozi nyingine, na ndani yake kuna nyuzi imara za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo zinazoishika ngozi ya juu isilegee, kama nguzo na fito zinavyoshika udongo wa ukuta. Mtu anapozeeka, chembe hai zinazotengeneza nyuzi hizo hupunguza kazi; zile za zamani zinakatika, na mpya haziji kwa wingi. Ndiyo maana uso hukunjamana, na ndiyo maana kidonda cha mzee huchelewa kufunga. Mistari ya vidole nayo huanzia chini huko. Iliyosuguliwa juu inaweza kurudi, ikiwa ya chini haijaungua.

"Ngozi yako imechoka, mama, haijakufa," Lokiru alisema. "Iache ipumzike. Usiiweke kwenye moto."

Adhieu alimuuliza kama ipo dawa ya kuziamsha hizo chembe. Lokiru, ambaye alikuwa mkweli na pia alipenda kueleza aliyosoma, alijibu kwamba wapo wanasayansi wanaojaribu mitishamba iliyochachushwa. Majani yakichacha, vijidudu vya uchachu huyamega na kutoa vitu ambavyo ngozi hupokea kwa urahisi zaidi, na ndani ya vyombo vya maabara chembe za ngozi zilizopewa vitu hivyo zilionekana kutengeneza kolajeni zaidi. Akaongeza upesi kwamba chombo cha maabara si mtu, na kwamba hakuna aliyejaribu dawa hiyo kwa mama anayepika kisra. Alimpa mafuta ya kupaka na kumsisitizia tena habari ya moto.

Adhieu alitoka nje ameshika kopo la mafuta, lakini alichokibeba hasa ni yale maneno mawili: mitishamba iliyochachushwa. Mambo ya maabara hakuyajua. Kuchachusha alikujua kuliko mtu yeyote katika kliniki ile.

Jioni hiyo alifikia kwa Abei. Abei ni msusi wa vikapu vya majani ya mkoma, anaishi palepale Lodwar, ng'ambo ya mto Kawalase, na kila baada ya muda hupanda basi kuleta vikapu vyake Kakuma. Urafiki wao ulianzia kwenye kifuniko: Adhieu alitaka kifuniko cha kuzuia vumbi lisiingie kwenye kisra, Abei akamsukia kimoja na kumtania kwamba ni kipana kama kofia ya chifu. Tangu hapo huitana kwa majina ya watoto wao, mama Ajok na mama Lotiir.

Aliposikia habari za tabibu, Abei alicheka mpaka akafuta macho. Alisema serikali imewasomesha vijana miaka yote hiyo ili waje kuwaambia watu dawa ya mama yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na akurum, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, kilichofukizwa moshi mpaka ndani kukawa cheusi. Humo mama yake alikuwa akitia utomvu wa echuchuka, yaani mshubiri unaoota kwenye mawe, pamoja na magome yaliyotwangwa na maji ya maziwa yaliyoganda. Vikikaa, vilichacha na kutoa povu. Wanawake waliochoma makaa, na wale ambao vidole vyao viliraruliwa na majani ya mkoma, walichovya mikono humo, na ngozi ikarudi.

Lakini dawa ilikuwa na sharti. Mkono unaotibiwa haugusi moto. Haupiki, hauchochei kuni, haubebi sufuria, tangu mwezi unapoandama mpaka uandame mwingine. Na ili jambo hilo lisisahaulike, mgonjwa hufungwa mkanda wa ngozi ya mbuzi kwenye kifundo cha mkono. Abei alikuwa nao tayari. Aliukunjua na kuunyoosha juu ya goti.

Hapo Adhieu alirudisha mikono yake nyuma. Yeye ni mama wa kanisa. Jumapili huvaa mshipi mweupe na kubeba msalaba mbele ya akina mama wenzake. Siku alipobatizwa, kule nyumbani, mhubiri aliwataka wote wakate kamba, shanga na hirizi walizofungwa na waganga wa ukoo, wakazitupa katika moto mmoja. Adhieu aliapa siku ile kwamba hatafungwa kitu chochote mwilini tena. Mkanda ule wa mbuzi ulimnukia moto ule wa zamani.

"Dawa nachukua, mama Lotiir," alisema. "Kamba baki nayo. Mimi nimebatizwa."

"Hata mimi nimebatizwa. Padri ameniona nayo, hakusema kitu."

"Padri wako."

Abei aliukunja mkanda. "Hii kamba si ya emuron, si ya mganga, mama Ajok. Ni ya majirani. Wakiiona kwa mkono wako, wanajua wewe hupiki, wanakuletea chakula."

Adhieu hakusikia. Masikioni mwake mkanda na sharti la moto vilikuwa kitu kimoja, mambo ya mganga wa jadi, na alipoukataa mmoja aliona amelikataa na la pili. Hakuona kwamba sharti lile lilikuwa limekwisha kusemwa asubuhi na kijana aliyevaa koti jeupe. Labda Lokiru alilisema kwa sauti ya upole mno, katikati ya maneno mengi. Kesho yake Adhieu alipanda basi la Kakuma akiwa na chupa ya dawa aliyomiminiwa na Abei katikati ya miguu yake, na mikono mitupu.

Nyumbani aliitunza dawa ile kama anavyotunza unga wake. Ilipopungua, aliongeza mshubiri alioutafuta nyuma ya laga, ule mto mkavu, na ili uchache haraka akatia kijiko cha unga mchachu wa kisra. Jua la Kakuma lilifanya kazi yake. Chupa ilitoa povu mpaka kizibo kikaruka. Kila jioni, baada ya sala, alichovya vidole na kukaa hivyo huku Arek akimsomea kitabu cha shule. Iliyobaki mikononi alijipaka mashavuni, kwa kuwa hapendi kutupa kitu.

Mashavu ndiyo yaliyoonekana kwanza. Ngozi ya uso, ambayo vumbi na upepo viliikausha kwa miaka, ilianza kulainika. Pengine ni mshubiri, pengine ni unyevu tu ambao uso ule haukuwa umeuonja siku nyingi. Akina mama kwenye bomba la maji hawakukosa kuliona.

"Adhieu, huyo mwanamume ni nani?" aliuliza mmoja wao.

"Ni mashine," Adhieu alijibu. "Inataka kuniona mrembo."

Walicheka sana, na baadhi walikuja baadaye kuomba dawa kidogo. Yeye mwenyewe alifurahi, si kwa ajili ya uzuri, bali kwa sababu aliona dawa inafanya kazi. Kama inaamsha uso, alijiambia, itaamsha na vidole.

Vidole navyo vililainika. Ngozi ile ngumu iliyozoea doka iliumuka usiku kucha ndani ya dawa, ikawa nyeupe na tepetepe kama ngano iliyolowekwa. Na kila asubuhi, kabla jua halijapanda, Adhieu aliwasha moto na kuviingiza vidole hivyohivyo chini ya kisra. Kile ambacho ngozi ngumu ilikistahimili tangu ujana wake, ngozi laini haikukiweza. Malengelenge yalitokea, yakapasuka, yakatokea tena mahali palepale. Adhieu aliamini kwamba ngozi ya zamani inajivua ili ipishe mpya. Aliongeza uchachu.

Arek aliona. Alimwambia bibi yake atumie kijiko, au aache kupika mpaka uhakiki upite. Kijiko alikijaribu, na kisra ikatoka imechanika kama matambara; mteja wa kwanza aliitazama, akaenda kwa mwingine. Kuacha kupika hakukuwezekana. Mgao ulikuwa umepunguzwa mara kwa mara mpaka hautoshi hata nusu ya mwezi, na nusu ya pili waliila kutoka kwenye doka.

"Haboba, inauma?" mtoto alimuuliza bibi yake siku moja.

"Dawa yoyote inauma," Adhieu alijibu, na kumtaka aendelee kusoma.

Siku ya uhakiki alivaa gauni lake la kanisani. Vidole alivifunga kitambaa safi. Foleni ilianza mapema na kuzunguka uzio, na akina mama waliomtangulia walimpisha kwa utani, wakisema bibi arusi hasimami juani. Alipofika dirishani, Lony alimsalimia na kumwomba afungue kitambaa. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu, mbichi, na palipopona palikuwa na ngozi changa isiyo na mstari hata mmoja, nyororo kama ya ndani ya shavu.

Lony alikuwa na huruma. Hakumkandamiza kidole kwenye kioo. Alimwacha akiweke mwenyewe, taratibu. Mashine iliwaka nyekundu. Wakajaribu vingine. Kimoja kiliacha unyevu juu ya kioo na Lony akaufuta kwa mkono wa shati lake. Vilipokwisha vyote, Adhieu aliinamisha uso karibu na dirisha.

"Tazama uso," alisema. "Uso wangu upo."

"Uso wako naujua tangu nikiwa mtoto, mama. Nimekula kisra yako." Lony hakumtazama. "Lakini siulizwi mimi."

Kadi ilifungwa siku hiyohiyo. Aliambiwa kesi yake imepelekwa mbele, ataitwa itakapofika zamu yake, na ajitahidi vidole viwe vimepona, kwa sababu hata huko mbele wataanza na kioo. Wengine wote walitoka na magunia yao ya mgao. Arek, aliyekuja na gunia tupu kumsaidia bibi kubeba, alilikunja na kulishika kifuani njia yote ya kurudi.

Abei alikuja na vikapu baada ya hapo. Hakumkuta Adhieu sokoni, akaulizia njia, akafika nyumbani kwake. "Ejok?" alisalimu, na Adhieu akamwitikia ejok kama kawaida, ingawa mikono aliificha chini ya kanga. Abei aliivuta, akaitazama, kisha akainusa ile dawa na kukunja uso kwa uchachu wake. Hakuuliza mengi. Aliuliza kama doka ilikuwa ikiwaka wakati wote huo, na Adhieu alipokubali kwa kichwa, Abei aliketi chini kando yake. Hakumsuta. Alimwaga ile dawa nje, kuku wakaikimbia.

Kisha Adhieu alinyoosha mkono wake wa kulia mbele ya rafiki yake, kiganja juu.

"Funga," alisema.

Abei aliutoa mkanda kwenye pindo la nguo yake. Inaonekana alikuwa amesafiri nao. Aliufunga bila kukaza sana. Jumapili iliyofuata akina mama wa kanisa waliuona chini ya mkono wa gauni jeupe. Wengine walinong'ona. Msalaba ulibebwa na mwingine.

Kule ng'ambo ya Kawalase mkanda ule una maana. Mwanamke akiuvaa, jirani huleta uji bila kuombwa. Katika mtaa wa Adhieu kambini, upande wa kulia wanaishi Wakongo, upande wa kushoto familia ya Wanuer, na mbele yake Wasomali. Wote ni watu wema, na wote walimuuliza amepata wapi kile kibangili. Hakuna aliyejua kwamba mkanda unaomba chakula. Na hata aliyeelezwa alitazama sufuria yake mwenyewe. Mtu mmoja alileta kikombe cha maharagwe, akaomba radhi kwa uchache wake.

Kwa hiyo moto ulipaswa kuwaka, na mkono wa Adhieu haukupaswa kuugusa. Hakuna aliyelitamka jambo lililofuata. Asubuhi moja Arek hakuvaa sare ya shule. Alikoroga unga, akawasha kuni, akapaka mafuta kwenye doka kama alivyoona ikifanywa tangu azaliwe. Adhieu aliketi nyuma yake, mikono mapajani, mkanda wa mbuzi kwenye kifundo cha mkono. Alimwelekeza. Mimina katikati. Tandaza kwa kipande cha jani, usirudie mara mbili. Ngoja ukingo unyanyuke. Sasa.

Mtoto aliingiza vidole na kuvitoa, akavitia mdomoni. Kisra ilichanika. Adhieu alimwambia ajaribu nyingine, avilowanishe kwanza, asifikiri. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ila aligeuza uso alipokuwa akisema.

Wanauza hivyo mpaka sasa. Wateja walilalamika mwanzoni, kisra ilikuwa nene na yenye matundu, kisha wakaacha kulalamika. Mwalimu alikuja mara moja kumuulizia Arek, akapewa kisra, akala amesimama, akaondoka. Kesi bado haijafika zamu yake. Kila asubuhi, jua linapopata nguvu, Adhieu huinua mikono yake kwenye mwanga na kuigeuza polepole, kama Lokiru alivyofanya chini ya taa. Siku chache zilizopita aliona kitu kwenye kidole gumba cha kulia: mstari mwembamba, uliopinda, kisha wa pili kando yake, hafifu kama njia ya siafu mchangani. Alitaka kumwita Arek aje aone.

Arek alikuwa amechuchumaa mbele ya doka. Ukingo wa kisra ulinyanyuka. Aliingiza vidole chini yake, akabandua, akaiweka kwenye kikapu ikiwa nzima, haina tundu. Safari hii hakuvitia vidole mdomoni. Alichota unga na kumimina mwingine.